Maji ya Mwalimu Eulalia

Leo mwalimu Eulalia kaja na ndoo,
ndani mna barafu aliyoibandua juu ya paa,
maana huku El Alto usiku hugandisha
hata maji ya mbwa.

"Shikeni," akasema.
Tukashika. Vidole vikaungua.
Nani alijua baridi nayo huunguza?
Florián akatia kipande mfukoni
ampelekee mdogo wake nyumbani;
kengele ikamkuta suruali chepechepe,
tukacheka hadi tukashika mbavu.

Yabisi. Kimiminika. Gesi.
Tukayaandika, tukayapigia mstari.
Sufuria ikatokota upesi
(huku juu maji huwahi kuchemka,
viazi ndivyo huchelewa kuiva),
dirisha likatoka jasho,
Wara akalichora punda kwa kidole,
punda akatiririka miguu kwanza.

Kisha Wara huyo huyo, bubu wa darasa,
akainua mkono:
"Na chuño, mwalimu?
Juni bibi hutandaza viazi uwanjani,
vinalala nje, vinaganda.
Asubuhi tunavikanyaga pekupeku, vinatema maji.
Jua nalo linavinyonya,
mpaka kiazi kinakuwa chepesi kama kizibo.
Yale maji ya mwisho
sijawahi kuyaona yakidondoka.
Hupitia wapi?"

Mwalimu akaitazama chaki yake.
Akafuta ubao, wote,
hata mistari yetu mizuri.

"Njoo mbele," akasema.
"Vua viatu. Tuanzie kwako."

Na Wara akasimama juu ya saruji,
soksi mkononi,
akikanyaga viazi ambavyo havikuwapo,
taratibu,
asivipasue.