Usukani wa Kulia

Saa nne usiku, Maabela ya viwandani,
na joto bado limekaa juu ya bati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Biju amelala chini ya Supra,
inaonekana miguu tu
na kandambili moja iliyopinduka.

Mbio ni kesho jioni. Robo maili.
Mwaka jana tulipata sekunde kumi na nukta mbili
na ndugu yangu Mundhir hakula siku mbili.
Mwaka huu anataka tisa.
Anaitaka kama watu wanavyotaka mtoto wa kiume:
kwa sauti ya chini, kila baada ya sala.

Basi gari tunalipunguza.
Tumeng'oa viti vya nyuma, redio, zulia,
kiyoyozi (Maskati hii, mwezi wa tano!).
Chini ya zulia tumekuta sarafu ya yeni mia
na risiti ya Kijapani ambayo nimeikunja,
nikaitia kwenye pochi, sijui kwa nini.
Kuna mtu huko Nagoya alinunua kitu siku moja
akasahau.

Kazi yangu si spana.
Mchana nahesabu mikopo ya watu, benki, Ruwi;
usiku, kwenye laptopu, nahesabu pumzi za injini:
hewa kiasi gani, petroli kiasi gani, cheche lini.
Ukizidisha hewa, pistoni inayeyuka kama jibini.
Ukizidisha petroli, inakohoa, inatema moshi mweusi,
inakuaibisha mbele ya watu wa Dubai.
Watu wa Dubai huja na trela yenye kitanda na friji.
Sisi tumeazima ya Ghalib. Harufu ya mbuzi haijatoka.

Saa sita Mama akaja na chupa ya chai
na vitumbua ndani ya kopo la aiskrimu.
Bi Zuwena, sabini na tisa, goti moja la chuma.
Akalizunguka gari, akachungulia ndani.
"Mbona mmelivua nguo?"
"Liwe jepesi, Mama."
"Mh. Sisi tulipotoka Unguja tulikuwa wepesi kuliko hivi,
na hapana aliyetupa kombe."
Biju, ambaye Kiswahili chake ni neno kitumbua tu,
akacheka kwa kuwa tumecheka.

Kisha akafungua mlango wa kulia.
Hapa nchi nzima huendesha kushoto;
gari hili limetoka Japani,
usukani wake uko upande wa kwetu.
Wa kwao, niseme. Mimi nimezaliwa Matrah.
Akajishusha taratibu kwenye kile kiti chembamba,
buibui likajikusanya mapajani,
na mkono wake wa kushoto, bila kuulizwa,
ukaenda wenyewe kwenye gia.
Moja. Mbili.
Akakanyaga klachi iliyomtesa Mundhir wiki nzima.
Tatu.
"Baba alikuwa na Morisi," akasema. "Ya kijani.
Nikiipeleka mpaka Bububu, na yeye
akijifanya amelala."

Hatukuwahi kuisikia Morisi hiyo.
Miaka yote nampeleka sokoni, hospitali, msibani,
na yeye amekaa kulia, kiti cha abiria,
mguu ukikanyaga breki isiyokuwepo,
nami nikimgombeza: Mama, tulia!
Kumbe alikuwa mahali pake.
Usukani tu ndio uliohamishwa.

Saa nane tukaiwasha injini.
Vikombe vikatetemeka, fundi rangi wa jirani
akatoka na mswaki mdomoni.
Namba zangu zikapanda, zikapanda, zikatulia,
halafu tone moja la oili, chini ya tabo.
Moja tu. Tukazima.
Gasketi ya baisa mia tano.
Biju akakata mpya kwa mkasi, ulimi nje,
kama mtoto anayekata karatasi ya Idi.

Alfajiri gari liko juu ya trela, limefungwa mikanda,
na mezani, kando ya kopo, imebaki bolti.
Safi. Ya kumi na mbili.
Biju anaapa si yake.
Mundhir hataki hata kuitazama.
Mama ameiweka kiganjani, ameipima.
"Si mlitaka liwe jepesi?"
Akaitia mkobani,
akapanda mbele, upande wa kulia.