Nembo ya Baba

Baba alitaka nembo tu, ya kutundika juu ya meko:
simba mwekundu, mnara, maneno mawili ya Kilatini.
"Sisi si watu wa vivi hivi," husema,
akipunguza chumvi mezani kwa amri ya daktari
na kuizidisha kwenye hadithi.

Basi nimekuja Annapolis na penseli
(kalamu ya wino hairuhusiwi) nifukue mizizi.

Mizizi ipo. Kasri lilikuwapo, Roscommon,
ingawa karani wa kodi aliliandika
*nyumba ya mawe, haina paa.*
Bwana Conor Mulrennan alikula yamini upande ulioshindwa,
ardhi ikaenda na kiapo.
Mwanawe wa tatu, Fergal, akapanda merikebu bila koti.
Melini aliandikwa Mulrenin.
Bandarini, Mulrain.
Sokoni hakuandikwa jina:
*Mwairishi, kijana, meno mazima,
miaka saba ya kazi, ratili elfu mbili za tumbaku.*

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga,
lakini huyu asili ndiyo iliyomwacha.
Hapo nililia kidogo.
Bi Ottilie, mtunza nyaraka, akasogeza karatasi zisilowe.

Ningefunga daftari hapo. Ingekuwa hadithi nzuri:
mtoto wa kabaila, jembe, jua, uhuru.

Lakini upo wasia wa mwaka 1741.
Fergal ana ekari mia nne, na mwandiko ni wake mwenyewe:
*Kwa mke wangu Brigid, kitanda na sufuria za shaba.
Kwa mwanangu Conor, farasi wa kijivu, na Sukey,
na mtoto wa Sukey, Fargal, miaka miwili,
rangi yake maji ya kunde.*

Fargal.
Nililitamka polepole, kama anayeonja mchuzi wa jana.
Jina la babu, limepinda herufi moja.
Mtu hukosea jina lake?

Tawi la Conor linateremka hadi kwa Baba:
ubatizo, ndoa, makaburi ya marumaru.
Fargal hateremki popote.
Si kwamba alikufa. Hakuna aliyemwandika tena.

Nimechora ngao. Nimechora mnara, hauna paa.
Chini ya simba nimeacha nafasi,
kimo cha mtoto wa miaka miwili akiwa amesimama.

Jioni Baba atapiga simu,
ataniuliza simba anatazama upande gani.
Bado sijamtia macho.