Kifuniko cha Sufuria

Baba alimwita Aminieli, mwamini Mungu,
akaliandika kwenye cheti kwa wino wa buluu,
na mdogo wangu amelivaa miaka hamsini na miwili
kama koti la harusi la kuazima
ambalo mwenyewe kafa kabla halijarudishwa.

Jumapili narudi Tabata kutoka ibada ya kwanza,
kwapani Biblia, mkononi kabichi la mnada
nililopandishia bei kwa ubishi tu,
namkuta chali chini ya tangi la maji,
bisibisi mdomoni, anaigombeza koki.
"Umeniombea?"
"Nimekuombea."
"Basi nishikie tochi."

Tumebishana tangu tuna meno ya utoto.
Nimemuuliza: jua hili la Dar, nani kaliwasha?
Akaniuliza: na mtoto wa Nakiete, miaka mitatu, nani kamzima?
Nikasema ni siri ya Mungu.
Akasema, "Wewe unaita siri, mimi naita sijui,
na wote wawili tulilia chini ya turubai lile lile."
Sikumsamehe wiki nzima.
Siku ya nane nikampelekea kisamvu.

Mwinjilisti wetu aliniambia namwagilia jiwe.
Labda. Lakini jiwe hilo lilinilipia kodi
mwaka nilioachishwa kazi bandarini,
na halikuniuliza nimeomba nini.

Wanaotaka kujua tunakutania wapi, mimi na yeye,
nitawaambia: Muhimbili, jengo la Kibasila,
saa nane usiku, mwezi wa nne,
Jangwani pamejaa maji, hakuna wa kuja, hakuna wa kutoka,
na mama anahema kama mtu anayepanda ngazi
ambazo sisi hatuzioni.
Akataka sala yake, ile fupi ya kuzima taa,
aliyotufundisha kwa Kichaga, jikoni, moshi machoni.
Nikafumbua kinywa.
Hakuna kitu. Mimi, mzee wa kanisa,
mwenye funguo za sanduku la sadaka,
nikalitafuta neno la kwanza
kama anayepapasa kiberiti gizani.

Ndipo Aminieli akavuta kiti.
Akaisema yote, mwanzo hadi mwisho,
polepole, mkono wake kwenye kisigino cha mama.
Sauti haikuamini hata kidogo,
na haikuruka hata neno.

Alfajiri, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya sakafu,
tukigawana chai ya kikombe kimoja cha plastiki,
akasema, "Usinihesabu."
Nikasema, "Sikukuhesabu."
Sikumwambia kwamba usiku ule
ni mimi ndiye sikuhesabika.

Sijui kama huo ni mwafaka.
Leo tena ameniambia mbingu ni hewa na vumbi,
nami nimemwambia atashangaa.
Wali umeiva. Nafumba macho, naanza kushukuru,
na ninajua, bila kuchungulia
(leo narefusha makusudi),
kwamba yuko upande wa pili wa meza, macho wazi,
amekishikilia kifuniko juu ya sufuria
kwa mikono miwili,
chakula changu kisipoe.