Tiketi

Kumbukumbu za seva hazina sauti.
Usiku ule wa Januari ukungu wa Danube umeifunika Ruse
hata taa za daraja hazionekani,
nami nazisoma kwa midomo, taratibu,
kama asomaye barua ya madai.

Saa tisa na dakika nne. Mgeni anaomba ukurasa wa bei.
Anapewa.
Anaomba anwani ya duka.
Anapewa.
Saa tisa na dakika tano haombi ukurasa tena.
Anaandika nukta mbili, mkwaju,
nukta mbili, mkwaju,
nukta mbili, mkwaju,
kila jozi ni kidato kimoja cha ngazi,
kutoka kabati la vazi hadi ukumbi wa tovuti,
hadi chumba cha ndani cha mashine yenyewe,
na huko anataja faili la nywila kwa jina lake kamili.
Anapewa.

Hakuna kitasa kilichovunjwa.
Vazi ndilo lililofungua.
Nililichagua mwenyewe, la bure, la zambarau, lenye picha zinazoteleza,
nikalivisha duka la Tsonka Varbeva, fundi saa,
bila kugeuza upindo nitazame mshono.
Kikulacho ki nguoni mwako: hilo nililijua tangu shule.
Mstari wa kumi na saba sikuujua:
lipokee neno la mgeni, lifuate liendako, mletee ulichokikuta.
Utiifu mtupu, usio na swali hata moja.

Nikatibu kwa papara. Nukta mbili na mkwaju: futa!
Kisha nikajijaribu, nikaandika nukta nne na mikwaju miwili.
Kisu kikakata katikati,
vipande vya pembeni vikasogea, vikashikana,
nukta mbili, mkwaju,
kama vile sikugusa kitu.

Kulipokucha nikaenda kumwambia.
Tsonka alikuwa na lenzi jichoni na springi kwenye koleo.
"Nani kaingia?"
"Hakuingia mtu. Mtu aliomba, sisi tukampa."
Hakujibu. Mlango ukalia kengele,
akaingia kijana mwenye theluji mabegani,
amefuata saa ya babu yake.
"Ile pale, rafu ya tatu, nyuma ya ile ya shaba,"
na mkono wake ukavuka kaunta.
Tsonka akaupiga kofi.
"Rafu ni yangu. Wewe nipe tiketi."

Arobaini na moja. Akafungua daftari,
akashusha kidole, akaikuta, akageuka
kwenda mwenyewe rafuni.
Mwingine, mwanamke mwenye kofia ya manyoya, alikuja na namba isiyokuwemo,
akaeleza sana, akataja hata rangi ya mkanda.
"Hakuna," alisema Tsonka, akarudi kwenye springi yake.

Sikunywa ile kahawa aliyonimiminia.

Nililivua vazi lote, sikubakiza kifungo.
Sasa kuna kurasa tano, namba tano, daftari moja.
Neno la mgeni halitembei tena kwenye rafu zangu:
linalinganishwa, basi. Lisipokuwemo, hakuna.
Nywila nilibadilisha zote, hata zile nilizoapa hazikuguswa,
na faili la siri nikalihamishia
mahali ambapo tovuti haina ruhusa hata ya kuchungulia.
Hayo yalikwisha kabla ya chakula cha mchana.
Barua za kuomba radhi, mia mbili na kumi na mbili,
kwa kila mteja ambaye simu yake ilisomwa,
zilinichukua siku nne.

Alirudi, naam. Nukta mbili, mkwaju. Nukta nne, mikwaju miwili.
Hakuna. Hakuna. Hakuna.
Nilimchapia Tsonka ukurasa ule aone.
Akauweka chini ya taa, akavaa lenzi,
akaupitia mstari kwa mstari bila kusema neno,
kisha akatazama ukutani, kisha karatasi, kisha ukutani.
"Nevena," akasema,
"saa ya mashine yako inakimbia dakika mbili."