Ya Saba Imeniudhi, ya Nane Niwekee

Nyemo, nirudishie mia tano yangu.
Au subiri, usinirudishie. Nisikilize kwanza.

Jana nimeshona magunia tisini pale soko la nafaka,
vidole vimekufa ganzi, nikapita kwako na flashi
ukanijazia ya sita na ya saba za yule bwana wa radi,
na moja ya dada anayeona wafu.
Ugali niliula kama mwenye kuwahi basi.

Ya sita, sikufichi, nilisimama.
Alipotua juu ya daraja, hana joho, hana kinyago,
goti moja chini, bega linavuja,
akamwambia yule mtoto, "Fumba macho, hesabu kumi,"
na mtoto akafika saba, akafumbua.
Chai niliisahau. Nzi akaoga humo.
Chidawali, anayesinzia hata penalti zikipigwa,
alinifinya paja, alama ninayo.

Sasa ya saba.
Ya saba, Nyemo, ni kitu gani kile?
Bwana wa radi kaachwa na mchumba, kaketi bafuni
dakika ishirini na tatu, nimehesabu kwa simu,
anajitazama kwenye kioo.
Adui yuko wapi? Adui kaenda kumsalimia mama yake.
Na msimulizi wetu, kwa kukosa la kutafsiri,
akaanza kuwasalimia wateja wake wa Gairo.

Mimi mshonaji, uzi ukirukwa naujua.
Ruka matundu matatu tu, gunia halivuki Mbande,
mahindi yote barabarani, kuku wanashukuru.
Hawa wameruka kumi.
Yule kaka yake aliyezama ziwani sehemu ya pili,
tukamlilia, Sechelela wangu akagoma kula,
huyo hapo jikoni, anakaanga mayai.
Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, ulikuwa wapi?

Na lililoniuma, usicheke:
alikasirika, akainua mikono, akaita mvua.
Mvua ile!
Mji wa vioo, una mto katikati,
una mabomba yanayonyweshea maua,
ndio anaumwagia gharika kwa sababu ya mapenzi.
Nikageukia dirisha. Mwezi wa kwanza huu,
mtama wa mama kule Mlali umekunja majani,
na mawingu yanapita juu ya Kibaigwa
kama malori yenye mzigo wa watu wengine,
yanapiga honi, hayashushi.
Chidawali akasema polepole,
"Huyo angepita hata Kongwa. Robo saa.
Hata bila joho."
Tulicheka kidogo, kisha tukaacha.

Ya dada wa wafu niliitazama peke yangu, taa inawaka.
Wafu wake wana adabu kupita kiasi:
wanabisha hodi, wanatoa ushahidi,
wanaondoka na mwanga wa buluu kama duka la simu.
Baba yangu hajawahi kuja na mwanga.
Huja harufu ya ugoro nikifungua sanduku,
akishafika, hana neno.
Nikasema, hawa wamesomea wapi umauti?

Ila pale mwishoni alitokea kizee mmoja,
hana kisasi, hana siri ya mirathi,
anatafuta miwani yake tu, chumba hadi chumba.
Dada akaiona juu ya jokofu.
Akaifuta kwa ncha ya blauzi, akamvalisha.
Basi. Muziki haukupigwa. Msimulizi naye,
sijui alikosa la kusema au alilipata,
alinyamaza.

Nikafikicha macho, nikasingizia vumbi.
Kwetu huku kisingizio hicho hakiishi dukani.

Kwa hiyo, Nyemo, hesabu yangu ni hii:
ya sita nakudai asante, ya saba nakudai mia tano,
ya kizee sijui nani anamdai nani.
Tukate mambo hapo hapo.

Flashi hii. Futa ile ya bafuni, inajaza nafasi bure.
Ya nane imefika?
Niwekee.
Nitaitazama nimenuna.