Awamu ya Sitini na Moja

Barua ya benki hufika tarehe tano,
mvua inyeshe isinyeshe, na hapa Temuco hunyesha.
Awamu ya sitini na moja kati ya mia na themanini.
Mama huipokea kwa ncha za vidole
kama anayeshika mkia wa panya,
huibana chini ya kopo la sukari
nikitoka kazini niikute.

Nilisomea upimaji ardhi.
Miaka mitatu na nusu, kisha baba akaanguka
kwenye kiwanda cha mbao, mgongo ukagoma,
nami nikaacha chuo.
Deni halikuacha. Deni ni mwanafunzi hodari,
halijakosa kipindi hata kimoja.

Mkiniuliza chuo kilikuwaje
nitaanza na soksi.
Basi la saa kumi na mbili kasorobo, giza totoro,
jozi moja miguuni, nyingine mfukoni,
maana kiatu cha kushoto kilikunywa maji
toka Mei hadi Septemba.
Mkate mmoja na parachichi, nusu saa nne,
nusu saa tisa, ukiwa umeshakauka.
Na Yerko Paillalef, akinakili kitabu kizima
kwa penseli, ukurasa kwa ukurasa,
kwa kuwa bei yake ilikuwa kodi yake ya mwezi.
Alifika ukurasa wa mia mbili na kumi.
Mtihani ukamkuta hapo.

Mwalimu Ossandón hakujua majina yetu.
Lakini asubuhi moja alitupandisha kilimani
na darubini ya kupimia, akasema tu: "Chungulia."
Nikachungulia. Mstari mwembamba kama unywele
ukaikata dunia vipande viwili,
nikajua, kwa mara ya kwanza maishani,
nimesimama wapi hasa.
Sijui kitu kile ni bei gani.
Benki inajua.

Sasa nakanda unga kuanzia saa tisa usiku
kwa Bi. Ercilia, unga hadi kwenye nyusi.
Yerko alihitimu, joho na picha ya ukutani;
anauza vifuniko vya simu karibu na stendi.
"Wewe una mkate, mimi nina cheti," hunitania,
"tubadilishane?"
Siku hizi hatucheki sana.

Jumapili jirani yetu Artemio alibisha hodi,
suruali imelowa hadi magotini:
maji ya mtaa mzima yanalala jikoni kwake.
"Wewe si ulisoma mambo haya?"
Nikachukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani,
vigingi saba, uzi wa kushonea magunia.
Tukachimba. Saa saba mchana maji yakasita kidogo,
yakageuka, yakashika njia ya barabarani
bila kusukumwa na mtu.
Hakuniomba muhuri. Aliniletea mayai kumi na moja,
akaomba radhi kwa la kumi na mbili.

Mshahara wangu wa kwanza wa taaluma.
Niliweka moja mezani nilitazame.
Nyumba yetu imeinama sentimita tatu na nusu
kuelekea mashariki; nimepima, tena mara mbili.
Yai likaanza kubingirika, polepole,
likaipita barua, likalipita kopo la sukari.
Mama alikuwa akimenya viazi, ametupa mgongo.
Hakugeuka.
Alinyoosha tu mkono, akautega ukingoni,
mahali pale pale.