Sululu wa Mikindani

Hapa jina ni moja: sululu.
Somoe, ndoo yake imekwisha jaa kombe,
alinicheka nilipoandika "sululu, arobaini".
"Arobaini wa nani? Wale ni watu na wadogo zao."

Tukachuchumaa topeni, maji yamekupwa mbali.

Mkubwa kichwa hakina alama.
Mdomo umemzidi, kama wa kuazima,
anauzamisha mpaka machoni
akitafuta kitu ambacho mimi nisingejua kipo.
Huyu, akasema, ana subira ya mdai.

Mdogo ana mistari miwili myeusi utosini
na njia katikati,
kama kasukwa na shangazi mwenye haraka.
Mdomo wake umekunjika ghafla karibu na ncha,
mpini ulioachwa juani.
Kina hakimhusu. Anamkimbiza kaa,
anamng'oa gando, anammeza,
anajifuta kana kwamba hakula.
Akiruka hupiga mluzi mara saba.
Nimehesabu. Siku moja, sita.

"Na yule?"
Mmoja, kando ya mikoko, katupa mgongo.
Somoe akanyanyua sululu yake, ile ya chuma,
akachimbua kombe wawili kabla ya kunijibu:
"Yule mngoje ageuke."

Maji yakatufika vifundoni, kisha kwenye pindo la kanga.
Somoe akajitwika ndoo, akaondoka bila kuaga.
Ndege hakugeuka.

Daftarini yupo mstari wake peke yake:
sululu, mmoja,
mgongo tu.